Viganja Viwili vya Unga

Bukavu, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nsimire,

Umekwenda Nguba kumuaga shangazi yako, na mama yako amekusindikiza. Nyumba imenyamaza, nami nimekaa kwenye meza uliyofanyia kazi zako za shule miaka yote hii. Sitakuandikia habari za nguo, za chandarua, wala za namna ya kukaa vizuri kwa mjomba wako huko Kinshasa. Hayo mama yako ameyasema mara tatu, na asubuhi nilimsikia akianza mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kifuani tangu Jumatano.

Jumatano uliniletea mchoro wa sanduku lako la kukaushia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ulikuwa umeuchora kwa wino, kila mstari umenyooka, kila kipimo kimeandikwa mahali pake. Niliupitia kwa muda mrefu, rula mkononi. Moto wa makaa chini, hewa ya moto ikipanda kati ya nyavu za waya, moshi ukitokea pembeni bila kugusa samaki, na mlango wa bati unaofunga kabisa ili nzi wasiingie. Hesabu zako zilionyesha kwamba samaki wanaohitaji siku mbili za jua watakauka kwa asubuhi moja. Nilitafuta kosa nisilione. Kisha, badala ya kukuambia hivyo, nilikuuliza: wale akina mama wanaoanika sambaza kule ufukweni, umekaa nao asubuhi ngapi?

Ukanijibu, "Papa, hesabu iko sawa."

Nikasema kwamba sikuuliza juu ya hesabu. Ukaukunja mchoro wako ukatoka, na tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Jana ndugu yangu, tonton Murhula, alipita hapa, akaniambia uliyomwambia: kwamba baba hataki uende, ndiyo maana hakuona uzuri wa kazi yako, na kwamba lau mchoro huo ungekuwa wa mwana wa kiume, angeupeleka karakana kuwaonyesha walimu wenzake. Kesho unapanda ndege. Nikikuacha uondoke na maneno hayo, utakaa nayo miaka mitano, na mtu akikaa na neno miaka mitano hulizoea akaliona kuwa kweli. Kwa hiyo nitakueleza kwa nini niliuliza swali lile. Ili nieleze, sina budi kukusimulia habari ya mashine yangu, ambayo humu nyumbani huwa hatuizungumzi.

Ulikuwa na miaka minne. Tuliishi mlimani kwetu, upande wa Walungu, nami nilifundisha ufundi wa chuma katika karakana ya misheni. Ilikuwa wakati ule mashamba ya wageni yalipogawiwa watu. Katika shamba la chai lililokuwa karibu nasi, mkubwa mpya hakuwa na haja na injini iliyolala ghalani, akaniruhusu niichukue nami nimtengenezee lori lake. Nilijenga juu ya injini ile mashine ya kusagia mihogo, kwa miaka miwili, kila jioni na kila Jumamosi. Nyundo za ndani nilizikata katika springi za lori bovu, nikazipima moja moja hadi uzito wao ukalingana. Sikuwa nimeona mashine nzuri kama ile mahali popote, na sisemi hivyo kwa majivuno. Hata leo, nikiichunguza kwa macho ya fundi, naona kwamba ilikuwa kazi nzuri.

Nilichojivunia zaidi kilikuwa usafi. Nilichukia zile mashine za mjini zinazotapika unga hewani. Yangu niliifunga kwa bati pande zote. Tena nikagawa kibanda kwa ukuta wa matofali, nikaweka madirisha mawili. Mama angetoa kikapu chake cha mihogo kwenye dirisha la kwanza, mimi ningesaga ndani, naye angepokea unga kwenye dirisha la pili. Hakuna nguo itakayonaswa na ukanda, hakuna mtoto atakayekatwa kidole, hakuna msukumano. Yalikuwa mawazo mema, Nsimire. Hakuna hata moja ambalo ningelionea aibu.

Siku ya kufungua, chifu alikuja amevaa suti yake ya abakosti, katekista akasali, vijana wa salongo, ile kazi ya lazima ya kijiji, wakafagia njia. Mama Bisimwa, jirani yetu mzee, alikuwa wa kwanza kusogea. Hakutoa kikapu. Aliinama akachungulia dirishani, akauliza, "Fundi, sasa ile yangu, nikikupatia hapa, inapita wapi mpaka kule?"

Nikamweleza. Nilimweleza mizunguko ya injini kwa dakika, nikamweleza ukanda, nyundo, na ukubwa wa matundu ya chekeche. Nilitumia Kimashi na Kiswahili, na pale vilipoishia nikaongeza Kifaransa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Aksanti, fundi. Unasemaka muzuri sana." Akarudisha kikapu mgongoni, akaweka kamba yake kwenye paji la uso, akaenda nyumbani na mihogo yake yote. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani kwamba tunamcheka yeye.

Wengine walileta mihogo, na kwa wiki kadhaa niliamini kuwa nimefaulu. Kisha nikaona kwamba magunia yanayotoka kwangu hayapandi njia ya nyumbani. Yanashuka barabarani kungoja lori la soko la Kadutu. Wanawake wa mlima ule walinisagisha unga wa kuuza tu. Unga wa kula wao wenyewe, pamoja na watoto wao, hawakuuleta. Na muda si mrefu wanunuzi wa sokoni nao wakaanza kuuliza unga umesagwa wapi, na hata mihogo ya kuuza ikapungua.

Mtu mwenye akili angeketi akauliza. Mimi nilitengeneza. Nikabadilisha chekeche ili unga uwe laini zaidi. Nikatafuta njia ya kupunguza kelele za injini. Mwisho nikaipaka mashine rangi ya kijani. Wiki ile alikuja mtu mmoja tu, tena kuuliza kama nimebakiwa na rangi kidogo, apake mlango wake. Jioni nilikuwa nikimlalamikia mama yako kwamba watu wetu hawajui kitu kizuri. Yeye alikuwa akinisikiliza, akichambua majani ya sombe.

Siku moja, shuleni hakukuwa na masomo ya mchana, nikarudi nyumbani saa sita. Nilipofika kwenye mgomba wa mwisho nikasikia mchi ukigonga kinu. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta mama yako akitwanga mihogo, wewe umekaa chini unacheza na maganda. Ndipo nikajua kwamba tangu siku ya kufungua, ugali wote niliokula katika nyumba yangu ulikuwa umetwangwa kwa mkono.

"Papa Nsimire," akasema bila kuacha kutwanga, "weye nakuamini. Ile sanduku njo siiamini."

Nikamwuliza ni nini cha kutoaminiwa katika chuma.

"Mbele yangu alisaga nani? Sijue. Unga yake ilibakia mule ndani? Weye mwenyewe ulisema inabakia."

Ni kweli, nilikuwa nimemwambia. Nilipima mwenyewe. Kila mtu aliposaga, ndani ya sanduku vilibaki viganja viwili vya unga, na hivyo vilitoka pamoja na unga wa mtu aliyefuata. Nilimwambia hivyo kwa fahari, maana mashine za mjini zilibakiza mara tatu ya hapo. Kwa fundi, viganja viwili katika kikapu kizima ni kitu cha kusamehewa. Akina mama hawakuwa wamepima, lakini kila mwenye kinu anajua kwamba unga hautoki wote.

Mama yako akasimamisha mchi. "Na banamuke ya huku bote balishakosana, huyu na yule, juu ya mashamba, juu ya bamukwe. Mugeni akikuya hapa, unaonjaka pombe kwanza, njo unamupatia. Sasa kwa mashini yako, nani anaonjaka?"

Wewe umekulia zaidi hapa mjini, lakini unajua kwetu watu wanaogopa nini. Mtu akiumwa tumbo ghafula, kabla ya mganga na kabla ya muuguzi, swali la kwanza ni: alikula kwa nani? Ndiyo sababu mwenye nyumba hampi mgeni kibuyu cha pombe ya kasiksi kabla ya yeye mwenyewe kunywa funda moja mbele yake. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tunadhaniana ubaya. Tunafanya ili mgeni anywe kwa moyo uliotulia. Baba yangu alifanya hivyo, mimi nimefanya hivyo tangu nilipooa, hata kwa padri. Mkono wangu ulikijua kitendo kile, lakini nilipochora mashine sikukumbuka kuuliza mkono wangu unajua nini. Nilichora kana kwamba mihogo ile italiwa na watu wasiokuwa na majirani.

Laiti ningeweza kukuandikia kwamba siku ile nilielewa. Sikuelewa. Nilikasirika. Nilimwambia mama yako kwamba ananiaibisha mbele ya mlima mzima, na kwamba kuanzia siku hiyo ugali wa nyumba ile utatoka kwenye mashine. Akasema, "Sawa."

Alitii. Akaleta mihogo yake dirishani kama mteja, akapokea unga, akasonga. Lakini kila alipokuandalia chakula, alimega kwanza tonge upande huu wa ugali, na jingine upande ule, akala bila mboga. Kisha akaushika mkono wako, akaanza kuzungumza habari nyingine. Wewe ulilia kwa njaa, naye akakuambia, "Ngoja, mama, iko moto." Ugali haukuwa moto tena. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba mama yako alikuwa akijipima yeye mwenyewe kwanza, halafu akingoja, ndipo akupe wewe. Alifanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa ajili ya heshima yangu.

Na hapa ndipo penye kosa langu kubwa, ambalo sijamwambia mtu. Nilipoelewa, nilikaa siku nne bila kusema. Kusema kungekuwa kukiri. Siku nne, Nsimire, nilikaa mezani nikamtazama akila yale matonge makavu, nikainamisha kichwa kwenye sahani yangu. Siku ya tano nikamwambia arudie kinu chake. Sikumwomba radhi. Nilisema tu kwamba injini inahitaji kupumzika.

Wakati huohuo, ng'ambo ya kijito, Papa Bahizire alipata mashine kuukuu. Yeye alikuwa mpishi wa lile shamba la chai, hajui kusoma mchoro, wala hajui kutofautisha boliti na nati ila kwa kuzishika. Aliisimika chini ya paa lisilo na kuta. Ilitetemeka, ilipiga kelele hadi mto wa pili, na unga ulipepea kila upande, akina mama wakatoka pale weupe kama kuta zilizopakwa chokaa. Iliharibika kila wiki. Na ilipoharibika, Nsimire, wanawake walikaa kwenye nyasi na vikapu vyao wakangoja hata siku mbili itengenezwe, na yangu nzima iko ng'ambo tu, wanaiona.

Siku moja Bahizire alikuja kwangu. "Fundi, mashini yangu imekufa tena. Kuya uiponyeshe." Nilikwenda, nakiri, ili nikaone ubovu wake. Nilikaa asubuhi nzima. Baada ya kuikaza na kuiwasha niliona jinsi walivyosaga. Kila mama alimimina kwanza kiganja kimoja cha mihogo yake mwenyewe. Kilipita, kikasukuma mabaki ya aliyemtangulia, na yote yaliyotoka yalitupwa kwa kuku mbele ya macho ya watu. Ndipo kikapu kilipoingia, na mwenyewe akasimama mdomoni mwa mashine akaupokea unga wake kwa mikono yake. Kuku wa Bahizire walikuwa wengi, wanene na wazima, na hakuna tangazo ambalo lingeshinda hilo.

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Akashangaa. Akasema ni wao wenyewe waliomwambia, siku ya kwanza: mmoja alitaka kuku, mwingine alitaka jiwe la kupandia kwa sababu ana mtoto mgongoni na mdomo wa mashine uko juu, mwingine alisema afungue mapema siku ya kuamkia soko. Yeye alitikisa kichwa tu na kufanya.

"Mie sijue mashini, fundi," akasema. "Njo maana nauliza." Kisha akanitazama akatabasamu. "Weye ulijenga posta ya madirisha mbili. Mie nilijenga fasi ya kukaa." Wanawake walicheka hadi wengine wakashika vikapu visianguke, na Mama Bisimwa alikuwa katikati yao, mweupe kwa unga hadi nyusi.

Nilibomoa ukuta wangu wiki ile. Nikafungua bati la mbele. Walikuja wachache, kwa kunihurumia, lakini mlima ulikuwa umekwisha kuzoea ng'ambo. Basi mwisho nilimpelekea Bahizire injini yangu na nyundo zangu, tukazifunga katika mashine yake, nami nikawa naitengeneza kila Jumamosi hadi tulipohamia hapa Bukavu. Ile mashine iliyolisha mlima ule miaka tisa ilikuwa na injini yangu na kuku wake. Sijui ni kipi kilichokuwa na kazi kubwa zaidi, na nimeacha kujiuliza.

Sasa unaona niliuliza nini Jumatano. Niliona mlango wako wa bati unaofunga kabisa, nikaukumbuka ukuta wangu wa madirisha mawili. Wale wanawake wa ufukweni hugeuza samaki kwa mikono, hunusa, hutupa mmoja hapa na mmoja pale, hugombana, hupatana, na mnunuzi hupitisha vidole katikati kabla ya kuuliza bei. Mnunuzi ataona nini ndani ya sanduku lililofungwa? Pengine mlango huo ndio hasa wanaoutaka, maana nzi wanawachosha. Sijui. Hata wewe hujui. Wanaojua wako hatua mia tatu kutoka nyumbani kwa shangazi yako, na hatukuwahi kwenda, wewe wala mimi.

Kuhusu kuwaonyesha walimu wenzangu, niliogopa. Sikuogopa kwamba wataudharau. Niliogopa kwamba watausifu. Mkuu wa karakana aliisifu mashine yangu mbele ya darasa zima, na sifa zile zilinifanya kiziwi kwa miezi. Wewe ni binti pekee aliyemaliza shule ile ya ufundi katika kundi lako, na watakusifu mara mbili, mara moja kwa kazi yako na mara nyingine kwa mshangao. Huko unakokwenda watakusifu pia, hasa ukiwa sahihi. Nilitaka usikie swali kabla hujasikia sifa. Lakini nililiuliza kama mkaguzi anayemhoji mtahiniwa, nikiwa na rula mkononi, na mtu akihojiwa hivyo hawezi kusikia kwamba anapendwa.

Na hilo la kwamba sitaki uende, nusu yake ni kweli. Nitalikubali hapa, kwa kuwa sitaliweza mbele ya shangazi zako.

Ngoja nikukumbushe jambo moja ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa na miaka tisa, kiatu cha mama yako kikakatika ukanda Jumapili asubuhi. Ulikitengeneza kwa spoki ya baiskeli, ukiikunja kwa koleo yangu. Kisha hukusema kwamba kimepona. Ulimwambia mama yako, "Tembea mpaka ku barabara, urudie. Kama inauma, useme." Akatembea, akarudi, akasema inauma kidogo kwenye kidole. Ukakivua mwenyewe kutoka mguuni pake ukakunja upya, ukamtuma tena. Mara tatu. Tulichelewa misa, nami nilikukemea. Hilo la kumtuma mtu atembee na kungoja aseme panapouma, sikukufundisha mimi. Ulikuwa nalo. Mimi nilikufundisha rula, nikakusahihisha miaka tisa mfululizo mpaka ukaamini kwamba jibu likiwa sahihi kazi imekwisha. Kama umesahau yale ya kiatu, kosa ni langu zaidi kuliko lako.

Kwa hiyo usiutupe mchoro ule, wala usiubadilishe kwa ajili yangu. Nenda nao. Ukirudi likizo, tutashuka pamoja ufukweni alfajiri, mimi nitabeba kigoda chako na kufunga mdomo. Kama watasema mlango uondoke, utaondoka. Kama watasema ubaki, utanicheka nami nitakubali kuchekwa.

Nasikia lango. Mmerudi, unamwiga shangazi yako na mama yako anacheka. Barua hii nitamkabidhi mama yako aiweke ndani ya sanduku lako la nguo, uisome ukishafika. Lakini kuna neno ambalo nilipaswa kulisema Jumatano kabla ya neno lingine lolote, nalo haliwezi kungoja ufike Kinshasa. Tangu nilipoanza kushika kalamu ya kuchorea sijachora kitu kizuri kama kile ulichoniletea. Naweka kalamu chini sasa, nitoke uani nikuambie mwenyewe, mama yako akisikia.

Baba yako